Wimbo Ulioshushwa kwa Ajili ya Jino

Kwenye bendi ya manispaa kila mtu alikuwa na jina la pili, na la kwake lilikuwa Mbiu. Alilipata ujanani, siku ya kufunguliwa soko jipya, alipopuliza tarumbeta mpaka mpishi wa kantini ng'ambo ya barabara akaacha sufuria motoni, akatoka nje na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Tangu hapo ikawa Mbiu huku, Mbiu kule, hata mkewe akasahau kumwita vinginevyo. Na mwenyewe alilipenda jina hilo, tusidanganyane. Alikuwa akiingia mahali, anasubiri kidogo mlangoni ili watu walitaje.

Sasa mtu mwenye jina kama hilo aking'olewa jino la mbele, ana kazi.

Jino lilimsumbua mpaka daktari akalitoa na kumwekea la bandia, jeupe kuliko wenzake. Kwa kucheka lilifaa. Kwa kula lilifaa pia, nyama ikiwa laini. Lakini tarumbeta haipulizwi kwa mapafu peke yake, kama wasiojua wanavyodhani. Inapulizwa kwa mdomo, na mdomo lazima uegemee meno. Nota za chini zilitoka kama kawaida, za katikati zilitoka pia. Za juu zilitoka siku zikipenda, na siku zisipopenda ilitoka hewa tupu, au mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Mbiu hakumwambia mtu. Alijifunza kukohoa kabla ya nota ngumu, ili akiikosa isemwe ni kohozi. Akajifunza pia kumwachia sehemu za juu mwenzake wa tarumbeta ya pili, mwanamke mmoja mpole waliyemwita Taratibu, eti apate uzoefu. Watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri wa kulea vipaji. Wakamvika kilemba cha ukoka bila kujua, naye akainamisha kichwa avikwe vizuri.

Mbali na kupuliza, Mbiu ndiye aliyekuwa mwandishi wa karatasi za nota. Kazi hiyo haina mshindo, ila bila hiyo hakuna bendi. Kila chombo kina do yake. Tarumbeta ikipiga do iliyoandikiwa, nawe ukagusa do ya kinanda, utasikia zinagombana, maana ile ya tarumbeta iko chini kidogo. Klarineti ni hivyohivyo. Saksafoni ya alto ina mambo yake, honi ina yake. Tromboni na tuba ndizo hazina makuu, zinasoma kama zinavyosikika. Basi ukitaka wimbo mmoja uwakutanishe wote mahali pamoja, ni lazima kila mmoja umwandikie karatasi ya peke yake, wimbo umepandishwa au umeshushwa kwa kipimo cha chombo chake. Mwandishi akikosea, mpigaji atapiga alichoandikiwa, kwa utii kabisa, na yeye ndiye atakayeonekana mjinga. Mbiu kwa kazi hiyo alikuwa hodari, hilo hata wasiompenda walikubali. Hesabu zote alizifanya kichwani huku anabishana mambo ya mpira.

Pembeni mwa ukumbi wa mazoezi kulikuwa na chumba chembamba chenye dirisha moja na cherehani mbili. Humo alikaa dada yake mkubwa, fundi wa sare za bendi, na wote walimwita Dada Sare, hata waliomzidi umri. Huyu ndiye aliyemlea Mbiu mama yao alipofariki. Yeye ndiye aliyemwombea nafasi kwenye bendi, akasimama mlangoni kwa Bandmasta akiwa ameshika kofia za watu alizotoka kuzishona, akasema, "Nina mdogo wangu, ana pumzi nyingi nyumbani anatuchosha nazo, hebu zipatie kazi." Bandmasta alicheka, na mambo yakawa.

Na Dada Sare alikuwa anaimba. Aliimba akishona, akipiga pasi, akitafuta kifungo kilichoanguka chini ya meza. Zamani sana Bandmasta alimsikia kupitia ukutani, akatunga wimbo kwa ajili ya sauti ile, wimbo wa mtu anayemngoja aliyechelewa kurudi. Ulianzia chini kabisa, kama unavyoongea na mtoto anayesinzia, ukapanda polepole, na ukifika mwisho tarumbeta moja inaujibu peke yake, juu kabisa, na inakaa hukohuko mpaka bendi nzima inaingia. Dada aliuimba mwaka ule, watu wakalia, kisha wimbo ukawekwa kabatini. Mambo ya bendi ndivyo yalivyo, kila mkubwa mpya wa manispaa anataka gwaride lake.

Sasa Bandmasta alikuwa anastaafu. Alikwisha kwenda likizo yake ya mwisho, na bendi ikakubaliana kwamba siku ya kumuaga wamshtue kwa wimbo ule, na aimbe Dada Sare mwenyewe. Mbiu, aliyeachiwa ukumbi kwa muda, akapewa kazi ya kuandika karatasi. Za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa, umebaki mwandiko wa Bandmasta peke yake, nao ulikuwa wa vyombo vya zamani ambavyo nusu yake havipo tena. Wapigaji wa siku hizi hakuna hata mmoja aliyewahi kuupiga. Yaani wimbo mzima, tangu do mpaka do, ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Aliuandika vizuri, mpaka alipofika kwenye lile jibu la tarumbeta. Akachukua chombo chake, akajifungia stoo kati ya ngoma mbovu, akajaribu. Hewa. Akalowanisha midomo, akajaribu tena. Mlango usiotiwa mafuta. Alikaa juu ya ngoma kubwa, akaona kabisa siku ya kuaga itakavyokuwa: ukumbi umejaa, Bandmasta kiti cha mbele, dada yake amemaliza kuimba anamgeukia, na yeye Mbiu anatoa mlio wa mlango. Mwili ukamsisimka kwa aibu ambayo bado hata haijatokea.

Basi akafanya jambo ambalo ni mwandishi wa nota tu anayeweza kulifanya. Wanyonge wengine wakishindwa kufikia tunda hupanda kwenye kiti. Yeye aliushusha mti. Aliuteremsha wimbo wote kwa daraja moja na nusu, akaandika upya klarineti, saksafoni, honi, tromboni, tuba, kila mtu, kwa ustadi wake wote, ili nota moja ya juu ishuke mpaka pale jino la bandia linapoweza. Hata sababu aliitunga mapema kama angeulizwa: wimbo wa zamani ulikuwa na flati nne, zile alama za kushusha nota, huu sasa una moja, nimewarahisishia vijana. Hakuna aliyemuuliza. Karatasi zilikuwa safi kiasi kwamba mpiga tuba alisema angependa kuzitundika ukutani.

Siku ya mazoezi Dada Sare aliingia na futi yake ya kupimia shingoni, amefurahi kama bibi harusi ingawa hakutaka ionekane. Bendi ikaanza, yeye akaingia. Ile nota ya kwanza ilizama. Hakuna kilichosikika ila pumzi na ngoma. Akacheka kidogo, akaomba warudie. Wakarudia, sauti ikazama palepale. Alijikaza mara ya tatu, ikatoka nusu yake, nzito na yenye kukwaruza, na mpiga matoazi akaangalia viatu vyake.

Dada akamgeukia Mbiu. "Mdogo wangu, wimbo huu mbona kama umeshuka? Mimi hapa sikuwa nikianzia."

Ukumbi mzima ukamwangalia Mbiu. Hapo angesema. Angesema tu, "Ndiyo, nimeshusha, kuna jambo," na mambo yangeishia kwenye chai. Lakini mdomo wa mwoga una mbio zake.

"Wimbo uko palepale ulipoachwa, Dada," akasema, kwa ile sauti ya upole anayoitumia mtu anapompiga mwenzake mbele za watu. "Kilichoshuka ni umri, umeingia kooni. Wala si aibu, sote tunazeeka."

Mpiga ngoma akacheka. Mtu mwingine akasema pole. Dada Sare alimtazama mdogo wake, akaiondoa futi shingoni, akaikunja taratibu kwenye vidole vyake.

"Kumbe," akasema, akarudi chumbani kwake.

Mpiga ngoma, ambaye hajawahi kukosa wazo, akapendekeza Mbiu apige sehemu ya dada kwa tarumbeta. Watu wakasema ni vizuri, Bandmasta ataelewa. Mbiu akasema sawa. Akapiga, ikatoka tamu, wakampigia makofi, na kila kofi lilimwingia kama la shavuni.

Kuanzia siku ile chumba cha sare kilinyamaza. Cherehani zilisikika, pasi ilisikika ikiwekwa juu ya bati lake, lakini wimbo hakuna. Kutoka stendi ya Mbiu ya kuwekea nota mpaka mlango ule ni hatua chache tu, naye akawa anazunguka kwa nje, anapitia upande wa maliwato, ili asipite mbele yake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, yenye harufu, na aliipita kila siku kwenda na kurudi.

Nyumbani mkewe akamwambia, "Nilishinda na wifi leo. Kimya. Nimemchokoza kwa wimbo ule anaoupenda, akaniambia ameacha. Mmemfanya nini huko kazini?"

"Amechoka," Mbiu akajibu, akatafuna kwa upande usio na jino la bandia.

"Wifi achoke kuimba?" mkewe akasema. "Basi na mimi nitachoka kupumua." Akakusanya vyombo, na Mbiu akabaki amekaa na mikono juu ya meza tupu.

Sare mpya za siku ya kuaga zilipokatwa, kila mpigaji aliitwa kujaribu. Mbiu alichelewesha zamu yake mpaka ikawa hakuna mwingine wa kujificha nyuma yake. Akaingia. Dada alimvalisha koti, akazunguka nyuma, akashika kola. Pini zilikuwa mdomoni mwake, na mwanzoni Mbiu alishukuru, maana mwenye pini mdomoni haongei. Kisha akazitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo.

"Jumatatu una nafasi?" akauliza.

"Ya nini, Dada?"

"Unisindikize hospitali. Nataka waniangalie masikio."

Mbiu akauliza masikio yana nini, na sauti yake mwenyewe ikamtoka ndogo.

"Koo si tatizo," Dada akasema. "Kuzeeka koo nakujua, kunaanza hivi na hivi. Nikiwa nyumbani peke yangu naujaribu ule wimbo, unatoka wote. Nikija kwenu nausikia uko chini, na wewe unaniambia haukushuka. Wewe kwenye hayo hukosei, kila mtu anajua. Kwa hiyo ni masikio yangu yanasikia kisichokuwepo. Mama naye yalianza kumpotea hivihivi, wewe ulikuwa mdogo huwezi kukumbuka. Usiku nasikia maji yanadondoka, naamka kuangalia bomba, sijui tena kama linadondoka kweli au ni mimi." Akanyoosha bega la koti kwa kiganja. "Naogopa, mdogo wangu. Siwezi kukuficha wewe."

Mbiu alisimama kwenye koti lisilo na mikono bado, nyuzi nyeupe zimemning'inia, akatamani sakafu ipasuke immeze na nyuzi zake. Alikuwa amejiambia siku zote hizo kwamba kamvunjia dada yake siku moja ya furaha, kosa dogo, litasahaulika. Kumbe kamvunjia masikio yenyewe. Kamfanya aamke usiku kukagua bomba. Na bado, hapo hapo, kuna sehemu yake iliyonong'ona kwamba hospitali watampima, watamwambia ni mazima, yataisha bila yeye kusema lolote. Hiyo sehemu ndiyo iliyomtia kinyaa kuliko zote.

"Masikio yako ni mazima," akasema akitazama ukuta. "Wimbo niliushusha mimi."

Dada hakuelewa. Ikabidi aseme yote, jino, stoo, daraja moja na nusu, flati nne na moja. Alisema bila kugeuka, maana uso hakuwa nao.

"Jino nalijua," Dada akasema alipomaliza.

Mbiu akageuka. Dada alikuwa ameshika koti la zamani alilokuja nalo Mbiu akalivua, akamwonyesha kola, pale kifungo kilipokuwa kimehamishwa, na mashimo ya sindano ya mahali pa kwanza na pa pili. "Mwaka huu umeniletea mara mbili nikulegezee. Hujanenepa. Mpulizaji anayesukuma kwa nguvu asizokuwa nazo, shingo inamvimba. Na unacheka na mkono mdomoni kama mwali. Nilisema akiwa tayari atanieleza." Akaliweka koti mezani. "Hilo la jino nilikutunzia. Ungeniambia, Dada, shusha sauti nipate kupita, ningeshuka nikaimbia chini ya meza. Au ningeacha mwenyewe, nikasema nina mafua. Lakini ulinitoa mimi ulipie jino lako. Mbele za watu. Tena kwa upole."

Mbiu akasema nisamehe. Akasema ataandika karatasi upya, wimbo urudi kwake, na nota ya juu atapiga Taratibu.

"Andika," Dada akasema. "Lakini mimi sitoki humu kwa karatasi. Ulinisema mbele za watu, unisafishe mbele za watu. Kisha tuone." Akarudisha pini mdomoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Aliandika siku mbili, ukumbini, milango wazi. Kupandisha kulimchosha kuliko kushusha, ingawa hesabu ni ileile. Kwenye karatasi ya tarumbeta ya kwanza aliandika jina la Taratibu juu, akajiandikia mwenyewe ya tatu, ile ya kupiga nota ndefu za katikati zisizoimbika, ambayo tangu ujana wake aliita kazi ya kushika mlango.

Siku ya mazoezi ya mwisho akagawa karatasi. Mpiga tuba akaangalia yake, akauliza flati hizi zote zimetoka wapi. Na hapo, niwaambie kweli, Mbiu alianza kwa kukwepa tena. Alisema kulikuwa na makosa ya kunakili. Alishalisema kabla hajajua. Akatazama mlango wa chumba cha sare, ukiwa wazi kidogo, cherehani imesimama.

"Siyo makosa ya kunakili," akasema. "Wimbo niliushusha makusudi. Dada alipouliza, alikuwa sahihi, nami nikamwongopea mbele yenu. Nota ya juu siwezi tena kuipiga." Mpiga ngoma akatabasamu akidhani unakuja mzaha. Mbiu hakujua aeleze vipi zaidi, akaingiza vidole mdomoni, akalitoa jino, akalishika kiganjani mbele ya bendi nzima. "Thababu ni hii," akasema, akimaanisha sababu, na pengo likampigia mluzi.

Tabasamu la mpiga ngoma likafa. Angecheka ingekuwa afadhali. Walimtazama wote, watu aliowafundisha, watu aliowakemea kwa kuchelewa nusu ya pigo, na mate yakawa yanamjaa mdomoni kwa sababu hakuweza kuyameza vizuri bila jino. Taratibu akainuka, akaja kwenye stendi ya kwanza, akaweka karatasi yake bila kumwangalia. Ulikuwa wema, naye Mbiu alijua ni wema, na ulimuuma.

Mlango wa chumba cha sare ukafunguka. Dada Sare akasimama mahali pake. "Haya," akasema, "tuanzie pangu."

Siku ya kuaga ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Dada alianza chini, na safari hii ilisikika mpaka nyuma kabisa, ikapanda, na Bandmasta kwenye kiti cha mbele akavua miwani, akaishika magotini. Alikuwa haoni mbali bila miwani, kila mtu anajua. Jibu la tarumbeta likatoka, juu, moja, likakaa. Mbiu alikuwa mstari wa nyuma karibu na ngoma, anashika mlango. Alipiga kila nota aliyoandikiwa, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Mwisho watu walipomzunguka mzee, alimtafuta Mbiu kwa mkono, akaupata mkono wake, akaushika kwa yote miwili. Macho yalikuwa bado yamelowa.

"Mbiu," akasema. "Miaka yote hii, sijawahi kusikia umeipiga tarumbeta vile."

Dada Sare alikuwa kando yao, ameshika kikombe. Mpiga ngoma naye alikuwa hapo, na mpiga tuba, wote tayari kumwachia mzee furaha yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Neno moja tu, asante mzee, na jina lake lingestaafu pamoja na Bandmasta likiwa zima.

"Si mimi, mzee," Mbiu akasema. "Ni Taratibu. Mimi siifikii tena."

Mikono ya Bandmasta ililegea kidogo. Akavaa miwani, akamtazama usoni, akatazama jino, akasema aah, polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mtu anavaa. Kisha akaomba radhi, akaenda kumtafuta Taratibu. Mbiu akabaki amesimama na mkono ulioachwa hewani, uso unamwaka, hajui auweke wapi.

Dada akampa kikombe chake akishike.

"Lile koti la zamani uniletee Jumatatu," akamwambia. "Nikirudishe kifungo mahali pake pa kwanza."